Tom Simpson: mlima Ventoux, vidonge mfukoni, na vile kupima mkojo kuliingia kwa michezo

Kusini mwa Ufaransa, kwenye mlima Ventoux, kilometa moja na kitu kabla ya kufika kileleni, kuko jiwe la kumbukumbu pembeni ya barabara. Pale hakuna mti, hakuna kivuli. Ni mawe meupe tu, upepo na jua. Watu wanaopanda kwa baiskeli wanasimama kidogo, wanapumua, halafu wanaacha pale kofia ao chupa ya maji. Jina lililoandikwa kwenye jiwe ni la Tom Simpson, Mwingereza aliyeanguka sehemu ile tarehe 13 mwezi wa saba mwaka wa 1967. Alikuwa na miaka 29.

Leo kila mwanamichezo mkubwa, awe wa mpira, wa mbio ao wa ndondi, anajua kama kisha mashindano anaweza kuitwa pembeni, kuingizwa katika chumba kidogo na kupewa chupa akojoe, mtu mwingine akimwangalia. Ni jambo la haya, hakuna mtu anayelipenda. Lakini wengi wanafikiri ile desturi ilikuwako tangu zamani. Hapana. Ilianza katika miaka ya 1960, wanamichezo wenyewe waliikataa kwa nguvu, na mtu aliyefanya wakubwa wa michezo waichukue kwa uzito hakuwa munganga wala wakili. Alikuwa huyu Simpson, na alifanya hivyo kwa kufa mbele ya watu.

Tom Simpson alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka wa 1937 katika kijiji cha Haswell, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa mwisho kati ya sita. Baba yake alikuwa anachimba makaa ya mawe. Mtu wa Kolwezi ao wa Kipushi hahitaji kuelezwa sana hayo maisha: mgodi njo unatoa kazi, na karibu kila kitu kinafuata saa za mgodi. Mwaka wa 1950 familia ilihamia Harworth, kijiji kingine cha mgodi. Pale kijana Tom alianza kupelekea watu vyakula nyumbani kwa baiskeli, na kidogo kidogo akaingia katika kilabu cha baiskeli cha kijiji. Alikuwa mwembamba sana, na wenzake walimpa kwa kumcheka jina la Coppi, bingwa mkubwa wa Italia wa wakati ule. Hakukasirika. Alianza kushinda.

Mwaka wa 1956, akiwa ametoka tu kufikisha miaka 19, alikwenda Melbourne, Australia, kwa Michezo ya Olimpiki, na akarudi na medali ya shaba pamoja na wenzake wa mbio za uwanjani. Lakini kwa wakati ule Uingereza haikuwa inchi ya kuishi kwa kazi ya baiskeli. Pesa ilikuwa Ufaransa, Italia na Ubelgiji. Basi mwezi wa nne wa mwaka wa 1959 akafunga mizigo, akachukua akiba yake ya pauni 100, akaenda mji wa Saint-Brieuc, upande wa magharibi wa Ufaransa. Miezi michache tu, timu ya wakimbiaji wa kulipwa ikamwandika. Kule kule alikutana na Helen, msichana Mwingereza aliyekuwa akilea watoto wa familia moja. Walioana mwanzo wa mwaka wa 1961, wakajenga maisha yao Ghent, Ubelgiji, na wakazaa mabinti wawili.

Ushindi ulikuja haraka. Mwaka wa 1961 alishinda mbio za Flandria. Hakuna Mwingereza aliyekuwa amewahi. Mwaka wa 1962 alikuwa Mwingereza wa kwanza kuvaa jezi ya manjano ya Tour de France, ile jezi ya anayeongoza. Aliivaa siku moja tu, lakini mwisho wa mbio alikuwa wa sita. Mwaka wa 1964 alishinda Milano mpaka San Remo. Mwaka wa 1965, kule San Sebastián, Hispania, akawa bingwa wa dunia. Magazeti ya Ufaransa yalimpenda sana: yalimpiga picha akivaa koti, kofia nyeusi ya duara na mwavuli, kama Mwingereza wa ofisini, na yeye mtoto wa mchimbaji akacheza ule mchezo kwa furaha. Watu waliomjua wanakubaliana kwamba alikuwa mtu wa kuchekesha, mtu wa watu, na kwamba juu ya baiskeli hakujua kujihurumia.

Lakini ushindi katika kazi ile haukuwa mshahara wa maisha. Mkimbiaji aliishi kwa mikataba ya mbio ndogo za mijini zilizofuata Tour de France. Jina likiwa juu, waandalizi wanaita na wanalipa vizuri. Jina likishuka, simu hailii. Mwanzo wa mwaka wa 1966 Simpson alivunjika mguu akicheza kwenye theluji, na mwaka ule karibu wote ukapotea. Vile mwaka wa 1967 ulianza, alikuwa karibu kufikisha miaka 30, ana bibi, ana watoto, na alijua kwamba bila kufanya jambo kubwa katika Tour ya mwaka ule, pesa itapungua. Hilo mtu asilisahau kabla ya kumhukumu.

Sasa, zile dawa.

Amfetamini haikutengenezwa kwa ajili ya michezo. Wakati wa vita ya pili ya dunia majeshi yaliwapa marubani na askari vidonge vyake wasisinzie. Vidonge vilifika pia kwa duka za dawa. Madereva wa usiku walivitumia, wanafunzi walivitumia wakati wa mitihani, na wakimbiaji wa baiskeli wakavijua mapema kuliko wengi. Amfetamini haiongezi nguvu mpya mwilini. Inazima ile sauti inayosema basi, umechoka. Moyo unapiga mbio, mishipa ya ngozi inajifunga na joto linakosa njia ya kutoka, lakini mtu mwenyewe anasikia yuko sawa. Ni kama dereva anayetoa taa nyekundu ya moto wa injini ili asiione, halafu anaendelea kupanda kilima.

Kati ya wakimbiaji haikuwa siri. Jacques Anquetil, Mfaransa aliyeshinda Tour mara tano, alisemaka wazi mbele ya watu kwamba mbio kama zile haziendeshwi kwa maji matupu. Na Simpson hakuwa peke yake, wala hakuwa wa kwanza. Mwaka wa 1955, kwenye mlima huu huu wa Ventoux, Mfaransa Jean Malléjac alianguka bila fahamu, mguu mmoja bado unasukuma pedali hewani. Munganga wa Tour, Pierre Dumas, alilazimika kumfungua meno kwa nguvu ili ampe dawa. Malléjac alipona, na alikana kama alimeza kitu kwa kujua. Lakini Dumas hakusahau. Miaka kumi na zaidi alizunguka akionya watu, na wengi walimwona kama mzee wa kuharibu sherehe.

Wakati huo huo, katika labo za London, mtaalamu Arnold Beckett na wenzake walikuwa wanatafuta namna ya kuikamata amfetamini katika mkojo. Mwili unaitoa sehemu kubwa ya dawa ile kupitia mkojo. Basi wanachukua kidogo, wanakitengeneza mpaka kinakuwa mvuke, na ule mvuke unapita katika bomba refu na jembamba sana. Kila kitu kilichomo kinatoka mwisho wa bomba kwa wakati wake, kingine mapema, kingine nyuma, na mashine inaandika alama. Amfetamini inajulikana kwa wakati wake wa kutoka. Beckett aligundua pia ujanja uliokuwa unawezekana: mkojo ukiwa na asidi kidogo, dawa inatoka polepole, basi mtu akimeza soda ya kupikia anaweza kuichelewesha mwilini. Ndiyo sababu wapimaji wanaangalia pia asidi ya mkojo. Mwaka wa 1965, katika mbio za kuzunguka Uingereza, vipimo hivi vilikamata wakimbiaji kutoka Hispania, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anaongoza.

Mwaka ule ule Ubelgiji na Ufaransa ziliandika sheria. Kwenye karatasi, dopaje ikawa kosa la kupelekwa mbele ya hakimu. Halafu mwaka wa 1966 waganga na polisi waliingia katika hoteli za Tour de France kule Bordeaux, wakaomba mkojo. Wa kwanza kupimwa alikuwa Raymond Poulidor, mkimbiaji aliyependwa kuliko wote Ufaransa. Kesho yake wakimbiaji wakagoma. Walipofika nje ya mji walishuka kwa baiskeli, wakatembea kwa miguu wakizisukuma, wakipiga kelele. Walisema wanavuliwa heshima, kwamba wao ni wafanyakazi na siyo wezi. Malalamiko yale hayakuwa ya upuuzi yote: watu waliowapangia kilometa mia mbili kwa siku ya jua hawakuombwa chupa yoyote. Lakini matokeo yake ni kwamba mwaka uliofuata, sheria ilikuwako, mashine ilikuwako, na mkimbiaji bado angeweza kuanza safari na vidonge katika mfuko wa jezi, bila mtu kumuuliza.

Tour ya 1967 ilikuwa ya timu za mataifa, na timu ya Uingereza ilikuwa ndogo. Simpson alibeba matumaini yote. Siku za milima ya Alpes tumbo lilimharibika vibaya. Hakuweza kula vizuri, na wenzake walimwomba aache. Akakataa. Asubuhi ya tarehe 13, Marseille, alikuwa bado wa saba kati ya wote. Njia ya siku ile ilikuwa ya kilometa 211 na nusu mpaka Carpentras, ikipitia juu ya Ventoux, mlima unaofika metre 1.900 na zaidi. Joto lilikuwa kali tangu asubuhi. Inaelezwa kwamba munganga Dumas aliwaambia waandishi mapema kwamba wavulana wakimeza kitu leo, mtu anaweza kufa.

Kuko jambo moja ambalo leo linashangaza. Kwa kanuni za wakati ule, mkimbiaji alipewa chupa nne tu za maji, karibu litre mbili, kwa siku nzima. Watu waliaminiaka kwamba maji mengi yanamharibu mkimbiaji. Basi walikuwa wanavamia baa za barabarani, wanachukua chochote chenye kuwa baridi. Simpson, kabla ya kupanda, alikunywa pombe kali kidogo. Mwili ulikosa maji, tumbo lilikuwa tupu, pombe, vidonge, jua: vyote vilipanda pamoja naye.

Katika kilometa za mwisho, pale miti inapokwisha, alianza kuyumba kushoto na kulia. Akaanguka kwa mawe. Harry Hall, fundi wa baiskeli wa timu, alifika na akataka aache hapo. Simpson akataka kurudishwa juu ya baiskeli. Maneno maarufu ambayo watu wanamwekea kinywani yaliandikwa na mtu wa gazeti ambaye hakuwa pale, lakini kwamba alitaka kuendelea, hilo ni kweli. Wakamfunga miguu kwa pedali, wakamsukuma. Alikwenda metre mia nne na kitu hivi. Halafu watazamaji wakamshika asianguke tena, na vile walitaka kumshusha, mikono yake ilikuwa imekaza kwa usukani. Ilibidi kufungua vidole. Wakamlaza pale kwa mawe. Dumas alimpa oksijeni, akampulizia hewa kinywani, akaita helikopta. Katika hospitali ya Avignon, saa kumi na moja na dakika arobaini ya mangaribi, walitangaza kwamba amekufa.

Katika mfuko wa nyuma wa jezi yake walikuta vichupa vitatu vya vidonge: viwili tupu, kimoja nusu. Munganga Dumas alikataa kutia sahihi ruhusa ya kuzika mpaka mwili upasuliwe. Wapimaji walikuta amfetamini na pombe. Hawakusema kwamba dawa peke yake ilimwua. Walisema moyo ulisimama kwa uchovu mkubwa katika joto lile, na kwamba dawa njo ilimruhusu kupita mpaka wa nguvu zake. Hiyo ni hukumu ya haki. Vidonge vile vile, asubuhi yenye baridi, kwa njia tambarare, labda vingemwacha hai, na hakuna mtu angejua.

Kesho yake wakimbiaji waliacha Barry Hoban, Mwingereza mwenzake, ashinde. Kwa mazishi kule Harworth walikuja watu elfu tano hivi. Kati ya wakimbiaji wakubwa wa kigeni aliyekuja ni mmoja tu, kijana Mbelgiji wa miaka 22 aliyekuwa naye katika timu ya Peugeot: Eddy Merckx.

Mtu angefikiri kwamba kisha hayo wote walitubu. Siyo hivyo. Mwezi wa tisa wa mwaka ule ule, miezi miwili na nusu tu, Anquetil alivunja rekodi ya dunia ya saa moja kule Milano. Munganga akaja na chupa yake. Anquetil akakataa kukojoa, akaondoka, na rekodi haikuandikwa. Lakini jambo lilikuwa limegeuka: safari hii wakubwa hawakufumba macho. Tour ya 1968 iliitwa Tour ya Afya, na vipimo vikawa vya kila siku. Kamati ya Olimpiki nayo ilikuwa imeunda tume ya waganga chini ya Mbelgiji Alexandre de Mérode, na tume ile ikatoa orodha ya dawa zilizokatazwa.

Michezo ya Mexico, mwaka wa 1968, ilikuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya joto yenye vipimo. Na kwa Congo tarehe ile ina maana yake, sababu njo ilikuwa mara ya kwanza kwa Congo-Kinshasa kushiriki Olimpiki, na wale iliowatuma walikuwa waendesha baiskeli. Waliingia katika mchezo huu wakati ule ule chupa ya mkojo ilikuwa inaingia. Aliyekamatwa kwanza Mexico hakuwa mtu wa amfetamini hata kidogo: ni Msweden Hans-Gunnar Liljenwall, aliyesema alikunywa bia mbili ili mkono usitetemeke wakati wa kulenga shabaha. Timu yake ikanyanganywa medali ya shaba. Watu walicheka, lakini kanuni ilisimama.

Ujanja haukuisha, bila shaka. Mwaka wa 1978 Mbelgiji Michel Pollentier alishinda kule Alpe d'Huez na akachukua jezi ya manjano. Kwa chumba cha kupimia walikuta amefunga chini ya kwapa mpira mdogo wenye mkojo wa mtu mwingine, na kamba ya bomba ikishuka mpaka chini. Alifukuzwa siku ile ile. Ndiyo maana mpimaji anamwangalia mtu kwa macho, hata kama ni haya kwa wote wawili.

Na vipimo havikuangukia watu wote kwa uzito mmoja. Mwaka wa 1969 yule kijana wa mazishi, Merckx, akiwa anaongoza mbio za Italia, aliambiwa kule Savona kwamba mkojo wake una dawa. Alilia mbele ya kamera, akakana, na ameendelea kukana. Walimsimamisha mwezi mmoja, lakini Ubelgiji nzima ikapiga kelele, adhabu ikaondolewa kisha siku chache, akaenda Tour de France na akaishinda. Miaka mitano mbele, katika Kombe la Dunia la Ujerumani Magharibi, lile ambalo Leopards wa Zaïre walicheza pia, mchezaji wa Haiti Ernst Jean-Joseph alikutwa na dawa kisha mechi na Italia. Alisema ni dawa ya pumu. Kwake hakuna inchi iliyopiga kelele. Wakubwa wa timu yake mwenyewe walimpiga na kumrudisha nyumbani kwa nguvu. Leo mkojo unagawanywa katika chupa mbili, zinafungwa mbele ya mwenyewe, na ana haki ya kuomba ile ya pili ifunguliwe mbele yake ao mbele ya mtu wake. Haki ile haikuwa pale mwanzoni.

Mwaka wa 1970 Tour ilirudi Ventoux. Merckx alipanda peke yake mbele ya wote. Vile alifika kwa jiwe la Simpson, alivua kofia, akaendelea. Alishinda kule juu. Kisha kuvuka mstari alikosa hewa, na waganga wakamwekea oksijeni.